Nimeweka akiba miaka minne: niende Istanbul au Bangkok kurekebisha pua?

*Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke niliyebadili jinsia, nina miaka 29, mzaliwa wa Mombasa, nafanya kazi Nairobi. Huu ni mwaka wa tatu natumia homoni, vidonge vya estradioli na spironolaktoni. Mwili umebadilika na nashukuru, lakini pua ndiyo inayoniliza kila nikijitazama kwenye kioo. Nimeweka akiba kwa miaka minne. Kliniki moja ya Istanbul imenipa bei kwa WhatsApp, na hospitali moja ya Bangkok imenipa bei ya juu zaidi. Wa Istanbul wanasema nitakaa siku tano tu. Niende wapi? Nikirudi, nani ataniangalia? Na mimi ni mtu wa kusali: nitatawadha na kusujudu vipi?*

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili macho yamenikwama penye maneno "siku tano tu". Tuanzie hapo.

Upasuaji wa pua huchukua saa mbili hadi nne, na huzidi iwapo gegedu, yaani ule mfupa laini unaonyumbulika, litachukuliwa ubavuni. Ukizinduka utakuta banzi dogo limegandishwa juu ya pua, na nyuzi chache kwenye kile kinyama kinachotenganisha matundu mawili. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya tano na ya saba, banzi kama siku ya saba. Kuhusu ndege, ushauri wanaopewa wagonjwa wa pua Uingereza ni kungoja siku 7 hadi 10. Kwa hiyo anayekuahidi siku tano anakupandisha ndege na banzi usoni, halafu pua ikafunguliwe Nairobi na mtu ambaye hakuiona kabla wala hajui ndani kumefanywa nini. Siku ya kufungua ndiyo siku daktari aliyekupasua anapopitisha kidole taratibu kuona kama mifupa imekaa sawa, na kama upande mmoja umehama kidogo, siku hiyo bado unarudishika. Wiki chache baadaye mifupa imeshashikana. Usikubali siku tano. Panga kukaa huko siku 14, na kama akiba haifiki, ongeza miezi ya kuweka akiba badala ya kupunguza siku za kukaa.

Unatafuta daktari wa mwaka mzima, binti yangu. Pua huendelea kubadilika kwa miezi 12 baada ya kisu, na kwa ngozi nene kama nyingi za kwetu inaweza kwenda hadi miezi 18 au 24. Ile bei ya WhatsApp ni ya asubuhi moja tu. Kila swali nitakalokupa hapa chini nia yake ni kukuonyesha nani yuko tayari kukaa nawe mwaka huo na nani anataka uondoke kesho.

Hujaniambia pua yako ikoje, nami sitakisia. Ila kuna mambo unaweza kuyaona mwenyewe. Asubuhi simama karibu na dirisha, bila taa ya juu na bila programu ya kulainisha sura, mwambie mtu unayemwamini akupige picha tatu: ya mbele, ya upande, na moja umeinua kichwa ili matundu yaonekane kwa chini. Kisha weka kidole gumba kwenye ncha ya pua, ibonyeze taratibu, uachie. Ikirudi upesi kama mpira, magegedu ya ncha ni imara. Ikizama laini na kurudi polepole, ncha yako inabebwa zaidi na ngozi na mafuta kuliko gegedu. Halafu weka vidole viwili kwenye shavu kando ya pua, livute kuelekea sikioni, na uvute pumzi kwa tundu la upande huo. Kama hewa inapita vizuri zaidi ukivuta kuliko ukiachia, njia ya hewa ni nyembamba tayari, na daktari anatakiwa alijue hilo kabla hajagusa chochote, maana pua inayopunguzwa bila kujali njia hiyo hupendeza kwenye picha na kukunyima usingizi usiku.

Nakueleza haya kwa sababu picha nyingi za "kabla na baada" ulizoziona ni za pua za aina moja: ndefu, yenye nundu mgongoni, ngozi nyembamba. Pua ya namna hiyo hufanywa ya kike kwa kupunguzwa. Nundu inasagwa, mifupa ya pembeni inakatwa na kusogezwa ndani, ncha inainuliwa. Katika ufundi wetu tunapima pembe kati ya pua na mdomo wa juu. Kwa wanaume huwa karibu na digrii 90 hadi 95, kwa wanawake 95 hadi 110, na ndiyo maana utasikia sana habari za kuinua ncha. Pwani wapo wenye pua hizo, damu zetu zimechanganyika, na huenda wewe ni mmoja wao. Lakini kama pua yako ni pana, mgongo wake uko chini na ngozi ni nene, kupunguza peke yake kutakuharibia. Ngozi nene haijikunyati kufuata mfupa uliopungua. Inabaki kama shuka ya kitanda kikubwa juu ya godoro dogo, chini yake panajaa kovu, na ncha inaishia kuwa donge la mviringo, kubwa kuliko ulivyoanza.

Pua kama hiyo hujengwa. Mgongo unainuliwa kwa gegedu, ncha inawekewa nguzo ndani ili iisukume ngozi mbele, na mabawa ya pua yanapunguzwa mwisho kabisa, kidogo tu, ikibidi. Pua iliyoinuliwa katikati huonekana nyembamba kwa mbele hata kama mabawa hayajaguswa. Kivuli kinafanya kazi hiyo. Gegedu la kujengea linaweza kutoka kwenye ukuta wa kati wa pua, kwenye sikio, au ubavuni. Ukuta wa kati kwa watu wengi wa kwetu ni mdogo, na daktari hawezi kuukomba wote: lazima abakize ukanda wa angalau milimita 10 mgongoni na mbele, la sivyo pua itabonyea katikati kama tandiko la punda. Ndiyo maana ubavu huhitajika mara nyingi. Kovu lake ni la sentimita mbili hadi nne, chini ya titi. Jiangalie mabegani, kifuani na kwenye matundu ya hereni: kama una kovu lililofura na kukua kupita kidonda chenyewe, yaani keloidi, mwambie daktari kabla ya yote, hasa kama anazungumzia kukata ubavu na mabawa.

Hapa niseme neno ambalo si la kitabibu. Mama zako na shangazi zako wana pua pana, na hakuna anayewauliza kama ni wanawake. Ukienda kuonana na daktari, usimpelekee picha ya msanii wa ng'ambo. Mpelekee picha za shangazi na dada zako, mwambie, "Hawa ndio wanawake wa nyumbani kwetu, nataka nifanane nao." Daktari mzuri atazitazama kwa muda mrefu. Ambaye hata hazitazami, akaanza kukuchorea pua ile ile anayowachorea wote, umeshapata jibu lako bila kulipa senti.

Na kabla ya kuamua juu ya pua, tazama kinachoanzia juu yake. Mwaka 1982 daktari wa San Francisco, Douglas Ousterhout, alipotakiwa kuusaidia uso wa mgonjwa mmoja uonekane wa kike, alirudi kwenye mafuvu na vipimo vya mifupa kuuliza fuvu la mwanamke linatofautianaje na la mwanamume. Tofauti kubwa aliikuta kwenye paji la uso, kwenye ule ukingo wa mfupa juu ya macho. Pua inaanzia pale. Mfupa wa paji ukitokeza, mzizi wa pua unaonekana umezama, na daktari anaweza kuujaza. Siku paji likija kurudishwa nyuma, mzizi uliojazwa unabaki umesimama peke yake kama kisiki. Kwa hiyo jiulize, au umuulize daktari: je, kuna siku nitataka paji pia? Kama ipo, paji linatangulia au vyote vinafanywa pamoja. Nimewaona waliolia kwa ajili ya pua kumbe kinachowaumiza kiko sentimita tatu juu yake. Jaribu mbele ya kioo: funika nyusi na paji kwa leso, utazame pua peke yake. Halafu funika pua, utazame paji. Usiamue siku hiyo hiyo.

Sasa Istanbul au Bangkok. Nchi si jibu, lakini kila mji una mazoea yake, na mazoea ya mkono ni muhimu. Madaktari wa Istanbul wanazikuta kila siku pua zenye nundu, za watu wao wenyewe na za wageni kutoka Ulaya na nchi za Kiarabu, na katika kupunguza kwa ustadi wana jina. Bangkok wamezoea kinyume chake: pua zenye mgongo wa chini na ngozi nene, zinazohitaji kuinuliwa. Tena Thailand imewapokea watu kama wewe muda mrefu. Daktari Preecha Tiewtranon na wenzake walianza upasuaji wa kubadili jinsia huko mwaka 1975, na kwenye hospitali zilizozoea hutakuwa kioja mapokezini. Tahadhari yangu na Bangkok ni moja: huko, kama ilivyo sehemu kubwa ya Asia ya Mashariki, njia ya kawaida ya kuinua mgongo ni kipande cha silikoni. Ni rahisi, ni haraka, na bei yake ni nafuu kuliko ubavu.

Nikwambie kwa nini sipendi silikoni kwenye pua, hasa ikifika hadi kwenye ncha. Dada mmoja alikuja kwangu miezi kama minane baada ya kutengenezwa nje, sitasema wapi. Pua ilikuwa nzuri, nilimwambia hivyo. Lakini kwenye ncha palikuwa na doa jekundu la ukubwa wa punje ya mtama, na nilipolimulika kwa tochi, ngozi ilikuwa imekonda kama ganda la ndani la kitunguu, weupe wa silikoni unaonekana kwa chini. Kitu kigeni kinasukuma, ngozi inachoka, siku moja inafunguka na vijidudu vinaingia. Tulikitoa kipande kabla hakijatoka chenyewe. Alipoteza umbo alilolipenda, na akangoja karibu mwaka mzima kabla ya kujengwa upya kwa gegedu lake. Gegedu la mwili wako lina matatizo yake, la ubavu linaweza kupinda kadiri muda unavyokwenda, lakini mwili haulikatai.

Uamuzi wangu, kwa habari ulizonipa: kama pua yako ni ya kujengwa, Bangkok kwa daktari anayetumia gegedu lako mwenyewe na aliyekuonyesha pua za watu weusi alizozifanya. Kama ni ya kupunguzwa nundu, Istanbul inafaa, lakini si kwa kliniki iliyokupa siku tano. Marbella, Uhispania, wako wanaoshughulikia uso mzima kwa pamoja, ila bei na viza ni mlima mwingine. Na Nairobi usiitupe bila kuuliza. Najua unaogopa kujulikana, na woga huo una haki yake, lakini wapo madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile hapo, waliosajiliwa na Baraza la Madaktari. Hata usipopasuliwa nao, utawahitaji. Nitarudi kwenye hilo.

Anayekujibu WhatsApp kwa kawaida si daktari, ni mtu wa mauzo. Usitume hata shilingi ya amana kabla hujaongea kwa video na daktari atakayeshika kisu mwenyewe. Muulize jina lake kamili kama lilivyo kwenye leseni, kisha lihakiki: Thailand utalitafuta kwenye orodha ya Baraza la Madaktari la nchi hiyo, na Uturuki kliniki au wakala anayepokea wagonjwa wa nje anatakiwa awe na cheti cha idhini cha Wizara ya Afya, kwa kanuni ya mwaka 2017. Omba cheti hicho, usione haya. Muulize: wewe ndiye utakayekata tangu mwanzo hadi mwisho? Swali hili si la utovu wa adabu. Korea Kusini walikumbwa na visa vya daktari maarufu kuongea na mgonjwa, nusukaputi ikishaingia anakata mtu mwingine. Ikabidi watunge sheria ya kuweka kamera kwenye vyumba vya upasuaji, iliyoanza kutumika Septemba 2023. Muulize nani anatoa nusukaputi, na kama ni daktari. Muulize ikitokea damu usiku wa manane nitampigia nani, na nitalazwa wapi. Muulize baada ya mwaka nikihitaji marekebisho, nitalipa nini na nini mtagharimia ninyi, wakuandikie. Na kama wanakubembeleza uongeze meno na nywele upate punguzo, funga simu.

Wanaweza kukutaka barua ya mtaalamu wa afya ya akili au wa homoni. Miongozo ya WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia, toleo la nane la mwaka 2022, inauhesabu upasuaji wa uso kuwa tiba yenye haja na si urembo tu, na inataka mgonjwa apimwe na mtaalamu mmoja mwenye ujuzi. Kwa pua peke yake wengi hawaidai, lakini ukiwa nayo ibebe. Inasaidia pia pale afisa anapouliza umeenda kufanya nini.

Mwili wako. Umekaa kwenye homoni miaka mitatu, hilo ni jema: estrojeni, yaani homoni ya kike kama hiyo estradioli yako, hupunguza mafuta ya ngozi na kubadili minofu ya mashavu, na daktari anaipima pua kwa uso uliokwisha kutulia. Mifupa haibadiliki kwa homoni ukubwani, usiongeze dozi ukidhani pua itapungua. Lakini vidonge vya estrojeni, safari ndefu ya ndege na upasuaji vikikutana vinaongeza hatari ya damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Zamani madaktari walikuwa wakimwachisha kila mtu homoni wiki kadhaa kabla. Sasa wengi hawafanyi hivyo, maana kuacha ghafla nako kunaumiza mwili na moyo. Njia ya kati ni kuzungumza na anayekuandikia dawa kuhusu kuhamia plasta ya ngozi au jeli, ambazo hatari yake ni ndogo kuliko vidonge. Usijiamulie peke yako. Spironolaktoni hupandisha potasiamu kwenye damu, kwa hiyo pima potasiamu na figo kabla ya kuondoka, na mtaje mtaalamu wa nusukaputi dawa hiyo kwa jina. Pima wingi wa damu, shinikizo, na selimundu kama hujawahi. Sisi wa Pwani tunabeba selimundu bila kujua. Kama unaishi na VVU na dawa zinafanya kazi, hiyo si sababu ya kukataliwa. Beba dawa zako kwenye mkoba wa mkononi, na usiruke dozi.

Sigara na shisha, acha wiki nne kabla na wiki nne baada. Nikotini inabana mishipa midogo ya ngozi ya pua na ngozi inaweza kufa. Miraa vilevile, maana inapandisha mapigo na shinikizo. Aspirini, ibuprofeni, vidonge vya vitunguu saumu na mafuta ya samaki acha wiki mbili kabla, isipokuwa kama daktari wa moyo ndiye aliyekupa.

Safari nayo. Tiketi iandikwe jina lililo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama jina hilo linakuchoma. Hospitali ifungue faili kwa jina hilo, kisha waombe waandike juu ya jalada jina wanalopaswa kukuita. Hospitali nzuri zinafanya hivyo bila maneno. Huko kwetu Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia kama wewe, alilazimika kwenda mahakamani ndipo Mahakama Kuu, mwaka 2014, ilipoamuru cheti chake cha kidato cha nne, KCSE, kibadilishwe jina na kiondolewe alama ya jinsia, kwa hiyo karatasi ni vita ya muda mrefu na usiifungamanishe na tarehe ya upasuaji. Chagua ndege ya moja kwa moja. Nairobi hadi Istanbul ipo, ni kama saa saba. Kwa Bangkok, kama huna ya moja kwa moja, pitia Addis Ababa kuliko nchi za Kiarabu za Ghuba. Sisemi hivi kwa chuki. Nina ndugu Muscat. Lakini sheria ya adhabu ya Oman ya mwaka 2018 ina kifungu cha kumwadhibu mwanamume anayejitokeza kwa mavazi ya kike, na mbele ya afisa mwenye pasipoti yako mkononi, alama ya jinsia iliyoandikwa ndiyo atakayoisoma. Sitaki ndege ichelewe, ulazwe hotelini nje ya uwanja, ukiwa na banzi usoni.

Wakati wa kurudi, mashine za kutambua sura zinaweza kukukataa kwa uvimbe. Nenda kwenye dirisha la afisa. Kabla ya kutoka hospitali omba barua yenye mhuri, kwa Kiingereza, inayosema ulifanyiwa upasuaji wa pua tarehe fulani. Picha ya pasipoti mpya usiipige mpaka uvimbe utulie. Ndani ya ndege vaa soksi za kubana, kunywa maji, inuka utembee kila saa.

Usiende peke yako. Usiku wa kwanza damu nyembamba itachuruzika nyuma ya koo, pua imeziba, unapumua kwa mdomo, midomo inakauka, na unahitaji mtu wa kukushikia kikombe. Lala chali, mito miwili au mitatu. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa weka mashavuni, kamwe si juu ya pua. Macho yatavimba na kuwa meusi, siku ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Kupenga kamasi ni marufuku kwa wiki mbili. Chafya ikija, fungua mdomo iachie huko. Miwani isikae juu ya pua kwa wiki nne hadi sita. Kama huoni bila miwani, jiandae kwa lenzi mapema. Ninja, yaani nikabu, nayo ikikandamiza mgongo wa pua, subiri. Jua la Mombasa usiliendee bila kofia pana na krimu ya kuzuia jua kwa miezi kadhaa, kovu changa likiungua linabaki jeusi.

Sala. Kusujudu kunashusha damu kichwani na kuweka pua chini, mambo mawili tunayoyakataza. Kwa wiki mbili za kwanza, na tatu kama ubavu umekatwa, sali umekaa kitini na uashirie kwa kichwa kidogo tu. Ukianza tena kusujudu, weka mto mdogo chini ya paji ili pua isiguse, mpaka wiki ya sita. Kupandisha maji puani usifanye kabisa mpaka daktari akuruhusu. Kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi Pwani, hiyo ni sunna ya udhu, si faradhi. Kuhusu uso ulio na banzi na plasta, maji yasifike hapo. Namna ya kupangusa na kutayamamu muulize sheikh unayemwamini kabla hujasafiri, si siku ya pili una homa hotelini.

Banzi likitoka siku ya saba utaona pua imevimba, ncha imeinuka kama ya nguruwe, na utadhani umeharibiwa. Karibu kila mgonjwa wangu amelia siku hiyo au wiki ile ya pili, na kwa aliyebeba jambo hili miaka mingi kilio ni kikubwa zaidi. Usipige picha za kutuma, usitafute daktari wa pili. Inashuka.

Umeuliza nani atakuangalia ukirudi. Mtafute kabla hujaondoka: daktari wa masikio, pua na koo au wa kurekebisha maumbile, hapo Nairobi, aonane nawe mara moja ukiwa na pua ya zamani, akubali kwa mdomo wake kukupokea. Anza naye kwa kumwambia ukweli wako wote. Akikunja uso, lipia ushauri na utafute mwingine. Utakaporudi mpelekee ripoti kamili ya upasuaji: gegedu lilitoka wapi, mifupa ilikatwa wapi, na kama kuna kipande chochote kisicho cha mwili wako, ile lebo yenye namba yake. Hospitali nyingi hazitoi ripoti hiyo usipoidai, na ukiwa umekwisha kulipa na kuondoka ni vigumu kuipata. Muone siku chache baada ya kutua, kisha mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, na kila mara picha zile zile tatu za dirishani ziende kwa aliyekupasua. Kwenye ngozi nene, ncha ikibaki imevimba baada ya miezi kadhaa, kuna sindano ndogo ya steroidi inayosaidia, lakini mkono wake uwe wa anayejua. Ikizidi inakondesha ngozi. Homa, usaha, maumivu yanayoongezeka upande mmoja badala ya kupungua, damu isiyokoma, mguu mmoja uliovimba au kifua kinachobana: hayo hayangoji miadi, nenda hospitali usiku huo huo. Na kidonda, hasa cha ubavuni, kikikataa kupona kwa wiki kadhaa au vikatokea vijipu vidogo, mwambie daktari wazi kwamba ulipasuliwa nje ya nchi, kwa kuwa kuna bakteria wa jamii ya kifua kikuu wanaopatikana kwenye majeraha ya namna hiyo na vipimo vya kawaida haviwaoni.

Nitumie picha zile tatu, pamoja na ya shangazi mmoja unayempenda. Niambie pia jaribio la gumba limetoa nini, na paji umelionaje ulipofunika pua. Bado hujalipa amana. Usiilipe wiki hii.